Mama, Yule Dada Alivuka au Hakuvuka?

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba na papo hapo ukaniuliza mbona sauti yangu iko juu. Iko juu kwa sababu yako. Mwaka jana tulikuzika, nikalia kama mtoto mwema anavyotakiwa kulia, nikadhani mimi na wewe tumemalizana. Kumbe bado. Juma lililopita mama Neema wa Magu, mwenzio wa kwaya, alikuja kunisalimia na mfuko wa mchele na kanda moja kuukuu, na tangu siku hiyo nakukasirikia wewe, mtu ambaye siwezi hata kumnunia.

Nianze mbali kidogo, maana wewe ulikuwa hodari wa kusahau yale uliyoyatenda mwenyewe.

Nilikuwa darasa la tano pale Igoma wakati vitu vilipoanza kurudi madukani. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaamka siku moja tukakuta barabara ya Musoma imejaa mitumba, masufuria na vibanda vya kurekodi muziki, kila kibanda kinapiga wimbo wake. Baba akauza ng'ombe mmoja akaleta redio kaseti. Wewe ukatangaza kwamba ni ya kwaya. Mimi nilishajua ni ya Zawadi Mkole.

Zawadi Mkole alikuwa na kofia pana kwenye jalada la albamu yake ya kwanza, na macho ya mtu anayejua jambo ambalo hatakwambia. Nilimpenda kwa kiasi cha kujinyima karanga za shule. Wewe hukuwahi kulitamka jina lake. Ulimwita "yule wa kofia," hata kwenye albamu ya pili ambako alisuka nywele na hana kofia kabisa. "Zima huyo wa kofia, tunataka kusali." Kila nilipofika kwenye kiitikio, ninyi mnataka kusali.

Kusali kungevumilika. Kilichonishinda ni ile kazi yako ya kuifundisha kwaya. Wenzako walifundisha kwa kuimba na kurudia mpaka watu washike. Wewe ulitaka kila sauti irekodiwe peke yake, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, ili aliyekosa mazoezi aje sebuleni kwetu asikilize kipande chake. Kwa hiyo ulihitaji kanda. Na kununua kanda tupu ulikuona ni ufujaji.

"Kanda tupu ya nini, na humu ndani zimejaa?"

Zimejaa, ndiyo. Zimejaa Zawadi. Albamu ya kwanza ulinilia yote. Nikiwa katikati ya wimbo wa mapenzi, Zawadi anavuta pumzi apande juu, mara linasikika kohozi la mzee wa besi na wewe unasema, "Tena. Mnaimba kama mmekula viporo." Watoto wenzangu walizijua nyimbo zake mpaka mwisho. Mimi nilizijua mpaka unapoanza kugomba.

Albamu ya pili nikajihami. Fundi wa kibandani alinionyesha kwamba mgongoni mwa kanda kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, ukivivunja mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Nikavivunja mwenyewe kwa ncha ya kisu, nikalala usingizi wa mwenye mali. Siku chache baadaye nikakuta sauti ya pili imelala juu ya wimbo niliokuwa naupenda kuliko yote. Nikaigeuza kanda. Yale matundu mawili ulikuwa umeyaziba kwa ugali. Ugali wa udaga wa muhogo, Mama, ulioukanda kwa vidole ukaukausha juani pamoja na betri ulizoanika zipate nguvu.

"Mama, nimeivunja makusudi isirekodiwe."

"Ilikuwa na matundu, nimeyaziba. Hata asante huna."

Baba alitoka nje akacheke mbali. Mimi nilikuwa nalia, na sisimizi wameshaanza kuingia kwenye kanda.

Sasa tufike kwenye albamu ya tatu, maana ndiyo yenye kesi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na redio haziruhusiwi. Niliipata siku ya mwisho ya likizo. Upande wa kwanza niliusikiliza wote. Upande wa pili, betri zikaanza kuchoka, Zawadi akawa anaimba kama mwanamume mwenye usingizi, na wimbo wa mwisho ukafia kwenye beti ya pili.

Unaukumbuka. Ni ule wa dada aliyesimama kwenye kivuko na sanduku lake. Mchumba yuko ng'ambo, mama yake yuko nyuma yake gatini anamwita arudi. Beti ya kwanza anasubiri. Beti ya pili kivuko kinaingia, magari yanashuka, yanapanda. Basi. Hapo betri zikafa. Wimbo ulitungwa Dar, lakini Mwanza nzima iliapa kwamba kivuko kile ni cha Kigongo. Mimi sikujali ni cha wapi. Nilitaka kujua kama alivuka.

Nikavunja tena vile vipande vya mgongoni, nikakuachia kanda. Nikakuomba, nikakubembeleza, nikakwambia chukua zote, hii moja uniachie nzima mpaka nirudi. Ukasema, "Nenda shule." Muhula mzima nikiwa kwenye jometri nilikuwa namfikiria yule dada gatini.

Desemba nikarudi. Kabla sijavua viatu nikakuuliza kanda yangu iko wapi. Ukasema, "Kula kwanza." Nikala. Nikauliza tena, ukasema nikaoge. Kesho yake ilikuwa imekwenda Magu na basi la asubuhi, kwa sababu mama Neema amehamia huko na hajui sauti yake ya nyimbo za Krismasi. Nilikasirika mpaka nikaharibu sikukuu ya watu.

Ng'ombe wa maskini hazai. Nilimwendea fundi anirekodie upya, kanda yake ikaisha kabla ya wimbo kuisha. Redioni mtangazaji alizoea kuukata kwenye beti ya pili asome matangazo ya vifo. Mwishowe albamu zikaadimika, na Zawadi Mkole naye akaokoka, akatangaza kwamba nyimbo zake za zamani hataziimba tena. Wewe ulifurahi kana kwamba umemwokoa mwenyewe. Ulipika pilau, Mama. Ulipika pilau siku ya katikati ya wiki kwa ajili ya mtu ambaye hukutaka hata kulitaja jina lake.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Nikajifanya nimesahau.

Basi mama Neema amekuja. Anasema alipokuwa anahama nyumba ameikuta kanda kabatini, akaona si vizuri sauti ya marehemu ikae kwa watu. Jalada ni lile lile. Ile ya tatu. Kwenye matundu mawili, ugali bado upo, umekuwa jiwe. Nilizunguka Igoma nzima kutafuta fundi mwenye mashine inayocheza kanda, nikaibeba mpaka nyumbani, nikakaa nayo jikoni peke yangu.

Zawadi anaimba beti ya kwanza. Anaimba beti ya pili. Kisha mlio wa kitufe, na wewe. "Mama Neema, Bwana asifiwe. Sikiliza vizuri, usinitie aibu." Ukaimba sauti ya pili ya nyimbo zote, taratibu, unagonga meza kwa kidole. Nilikuwa nimesahau kile kidole. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa na sauti nzuri, kwa sababu siku zote uliitumia kutugombeza. Nimekukumbuka, halafu nikakasirika tena, kwa sababu ulipomaliza hukuizima mashine. Ulidhani umeizima.

Nikasikia ungo. Ulikuwa unapepeta mchele. Unapepeta, unatoa mawe, unanung'unika habari za mtu aliyekuuzia. Halafu ukaanza kuimba, na haukuwa wimbo wa kanisani.

Ulikuwa unaimba kivuko. Beti ya kwanza neno kwa neno. Beti ya pili, na pale Zawadi anapopanda juu wewe ukashuka chini yake, kwenye sauti ya pili, kana kwamba yupo pale jikoni mnaimba wote. Muhula mzima nilipokuwa kwenye jometri, wewe ulikuwa Igoma unamsikiliza yule wa kofia. Wewe uliyesema ni nyimbo za wahuni. Na wewe mwenyewe ulitoka kwenu Sengerema ukavuka Kigongo na sanduku kuja kuolewa, na bibi akakaa mwaka mzima bila kusema nawe. Hilo nililijua tangu utoto. Sikuwahi kuliweka pamoja na wimbo.

Ukaingia beti ya tatu. Ile ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu. Ungo ukanyamaza. Ukaimba polepole kwamba honi imelia mara ya mwisho, mama ananiita nyuma, na mimi nimeinua sanduku langu, nimeinua mguu wangu.

Na hapo mtu akapiga hodi.

Sauti nyembamba ya msichana aliyechoka na safari. Nikasikia sanduku la bati linawekwa chini sakafuni. "Mama, nimerudi. Kanda yangu iko wapi?"

Ukasema, kwa ile sauti ambayo hukuwahi kuitumia ukijua kuna mtu anarekodi, "Ng'wana wane, mwanangu. Kula kwanza." Kitufe kikalia. Kanda ikaendelea kuzunguka, tupu.

Mjukuu wako ananiambia nisisumbuke, wimbo upo mtandaoni, ataufungua kwenye simu niusikie wote sasa hivi. Nimemkataza. Ananiona nimechanganyikiwa, na huenda ni kweli, lakini yule wa mtandaoni hataimba sauti ya pili.

Kwa hiyo sitaki kuusikia kwa mtu mwingine. Siku nitakayovuka mimi, nikufikie huko uliko, nitapiga hodi na sanduku langu. Tafadhali, Mama, siku hiyo usiniambie nile kwanza. Malizia.

Ni mimi mwanao, niliyekukatiza.