Pikapu Imeinuka, Nami Nimo

Jumatatu, 3 Machi

Leo gari limepiga tumbo. Kwaa! Mvua imechimba njia za matairi, katikati imeacha tuta kama mgongo wa ng'ombe, na pikapu yetu ikaupanda huo mgongo ikakwama. Mimi nimepakata trei la mama wa hoteli, lile la mayai makubwa. Halikuvunjika hata moja! Nililibana kama kichanga.

Kiberiti akashuka, akalala kwenye tope na suruali yake safi, akachungulia chini. Akatoka uso umejaa oili. Kasema tumechubuka tu, ila siku nyingine tutapasuka.

Huyo ndiye mjukuu wangu. Anaendesha, anapakia, anajua gari linaumwa wapi kabla halijalia. Tangu babu yake afe tunaishi wawili, yeye na mimi, na kuku. Namwita mke mwenzangu. Marehemu angemwona leo kwenye lile tope, angeniacha mimi siku hiyo hiyo.

Anataka gari liinuliwe. Kidogo. Nimesema sawa. Gari lake, kuku wangu, barabara haina mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi Kipara katoa karatasi yenye picha, akampa Kiberiti. Nikaichukua mimi. Nikasoma! Kwa sauti! Shule sikuikanyaga, herufi nimefundishwa na huyu huyu Kiberiti akiwa darasa la kwanza. Yeye alidhani namkagua kazi ya nyumbani.

Kipara anasema inchi nne. Springi ngumu, matairi mapana. Eti gari litasimama kama simba. Vijana wake wakapiga mluzi. Nikauliza, simba anabeba mayai?

Uani kulikuwa na pikapu ya mtu imeinuliwa hivyo hivyo. Walipokwenda kutafuta spana nikaijaribu. Mguu wa kushoto ukafika nusu ya safari. Goti la kulia likaniambia, mama, tusidanganyane. Nikajifanya nakagua tairi.

Sijui kama waliniona. Maana Kipara aliporudi kasema, "Bibi tutamwekea kistuli."

Kistuli! Kwani naenda kubadilisha balbu?

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kaja. Baba mdogo wake Kiberiti. Viatu vinang'aa, anapita penye kuku kama anavuka mto. Kakaa, kasifu chai, nikajua kuna jambo.

Kasema hiyo inchi nne ni nzuri sana. Kiberiti apeleke mayai, Mama abaki nyumbani apumzike. Umri umekwenda.

"Umekwenda wapi?" nikamuuliza. "Mbona haujaniaga?"

"Mama, usinigeuzie maneno."

"Wewe ndiye umekuja nayo yamegeuka."

Akacheka. Ni mtoto mzuri, ana huruma. Ila huruma yake ina kufuli.

Nikibaki nyumbani nitakuwa nani? Mayai yako kila duka. Mama wa hoteli haningojei kwa mayai. Ananingoja anieleze mguu wake, nami nimweleze goti langu, tumseme mkwe wake kidogo, kisha ndipo tuhesabu trei. Yule wa duka la mkate nisipomtukana asubuhi anauliza kama naumwa. Halafu nikae hapa nizungumze na kuku? Kuku wanasikiliza, sikatai. Hawana la maana la kujibu.

Nikamtazama Kiberiti anitetee. Akatazama sakafu. Yeye, Kiberiti, ambaye huwaka ukimgusa tu!

Hilo limeniuma kuliko goti.

Ijumaa, 7 Machi

Hatuongei. Kapakia peke yake. Mimi nikapanda mwenyewe kama siku zote. Mkono kwenye kishikio, mguu wa kushoto, hup. Mtu hajawahi kunishika kiwiko kwenye gari hili na hatanishika.

Nikamkuta ananitazama miguu.

"Unaangalia nini?"

"Kiatu chako, Bibi."

Mwongo. Hiki kiatu anakijua, kanunua yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto huyu! Mtoto huyu!!

Asubuhi kaja na kamba. Kanisimamisha mlangoni, kasema niinue mguu mpaka pale ninapoweza. Nikaurusha juu kama askari wa gwaride.

"Bila kiburi, Bibi."

Nikaushusha.

"Bado kuna kiburi."

Nikaushusha tena. Akapiga fundo kwenye kamba pale unyayo ulipokaa. Akaenda nayo kwenye gari, akapima kutoka chini hadi pa kukanyagia. Akarudi anacheka. Kati ya gari lilipo na fundo pana nafasi. Inchi mbili, na kaupenyo.

Kumbe juzi hakuwa amenitupa. Alikuwa anahesabu! Nikamwambia siku nyingine ahesabu kwa sauti, karibu nimrithishe mtu mwingine kuku wangu. Kasema alijua nikisikia neno kupima nitatia kiburi. Sijui kunijulia huko kakutoa wapi. Kwa babu yake labda.

Tukaenda gereji. Kipara kasikia inchi mbili, kacheka mpaka kashika kichwa. Kasema gari huinuliwa kwa kupima barabara, halipimwi kwa bibi.

Kiberiti kamjibu, "Barabara naweza kuikwepa. Bibi simkwepi."

Nilikohoa. Vumbi la gereji lile.

Kisha wakabishana kweli kweli, na mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwasikiliza kama redio. Kipara anataka springi ngumu, zinadumu. Kiberiti anasema ngumu ni za kubebea kokoto, ukibeba mayai unafika na kimanda. Kipara anasema laini zitalala jioni mkirudi na magunia ya chakula cha kuku. Hilo Kiberiti hakuwa amelifikiria! Kipara hana unywele lakini akili anayo, nimemwambia. Akanishukuru, nadhani.

Mwisho wakakubaliana. Inchi mbili, mbele na nyuma. Springi za kati, si ngumu si laini, na pale nyuma aongeze pasi moja, ule ubapa wa chuma wa springi, kwa ajili ya magunia. Shokamzoba mpya, za kumeza mtikisiko. Na chini ya tumbo bamba la chuma, ili hata likigusa tuta lisichubuke. Kipara kasema kazi hii haipendezi machoni, hakuna atakayegeuka kuitazama. Kiberiti kasema vizuri, wakigeuka watatugonga.

Njiani kurudi nikamshika sikio. Akaendesha nimemshika sikio mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Gari liko gereji, matumbo nje. Kuku wanataga tu, hawana habari na usafiri. Mwanangu kapiga simu, kauliza tumeamua nini. Nikamwambia aje Ijumaa aone. Kasema, "Mama, kama utashindwa kupanda, utaniahidi utapumzika?" Nikasema ndiyo. Nikakata simu kabla hajashukuru.

Sasa nimeahidi. Neno langu silimezi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari. Lipo uani, limezimwa. Wengine wako barazani na chai.

Limekuja saa nne. Kwa kweli huwezi kujua limefanyiwa kitu. Limenyooka tu, kama mtu aliyeambiwa picha inapigwa. Jirani kauliza mmelipaka rangi? Kipara kaja nalo mwenyewe, kalisukuma bega chini juu, chini juu, tulione linavyopumua. Kiberiti kajaza trei nyuma, gari likakaa vilevile. Kazunguka nalo mtaa mzima, akarudi, tukafungua. Mazima yote! Nilitaka kupiga kigelegele nikakumbuka kazi bado.

Mwanangu alikuwa kasimama karibu na mlango. Mikono nusu angani, kama mtu anayengoja kudaka embe. Nikamwambia aiweke mfukoni.

Mkono kwenye kishikio. Mguu wa kushoto. Goti likasema neno, nikalijibu. Hup!

Nimo.

Kigelegele nikakipiga kutokea ndani. Kipara kapiga makofi kwa mikono yenye grisi. Mwanangu kafuta macho, kasema ni jua. Kiberiti hakupiga makofi wala nini. Kasimama tu na kamba yake shingoni kama fundi cherehani, kidevu juu. Kidevu kile ni changu.

Wakaenda kunywa chai. Wakaniita. Nikasema nakuja, nakagua viti.

Nimevikagua. Viti havina neno.

Ni hivi. Nimefungua mlango, nikatazama chini. Nikaufunga. Nikatazama chini tena kupitia dirishani. Kupanda unajivuta kwa mikono, na mikono yangu ni ya kubeba magunia. Kushuka ni goti la kulia peke yake na Mungu.

Kiberiti kaja na kikombe changu. Kaegemea mlango. Kanitazama mimi, katazama ardhi, kanitazama tena. Nikaona uso wake unavyobadilika.

"Bibi," kaninong'oneza, "kushuka hatukupima."

"Nyamaza."

Akaanza kucheka. Nami nikaanza. Amecheka mpaka kashika kioo cha pembeni, mimi nimecheka mpaka chai imemwagikia kanga yangu. Huko barazani mwanangu anauliza mnacheka nini? Hakuna, tumejibu wote wawili, kwa sauti moja.

Kazunguka, kaingia upande wake. Kawasha. Gari linanguruma taratibu na herufi zangu zinacheza. Anauliza, Bibi, tukapeleke zile trei kwa mama wa hoteli, au nizime? Nimemwambia angoje niandike. Hapa nilipo naona paa la banda la kuku. Lina kutu. Miaka yote hii sijaliona! Inchi mbili tu.

Mwanangu ametushtukia. Anakuja, viatu vyake vinakwepa mavi ya kuku. Kafungua mlango wangu. Hajanikumbusha ahadi; ahadi yenyewe ilikuwa ya kupanda, kushuka hatukukutaja. Kanyoosha mkono tu.

Mkono mzuri. Nimeuzaa mwenyewe. Kiberiti ameshika gia, ananitazama. Mwanangu bado amenyoosha wake: nikiushika nashuka, nikiuacha tunaondoka. Bado sijaushika —