Samli Niliyoitia Masizi

Mpendwa Baba Koku,

Jana tulianua matanga yako. Ndugu zako wamerudi Kituntu, vyungu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni vitupu, na Koku amekwenda kuchota maji. Nimeketi upenuni na karatasi nilizochana kwenye daftari lake. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, huku ukisema herufi zangu zinatembea kama kuku, basi vumilia. Kuna jambo ambalo sikukutamkia miaka yote hii, na sasa limenishinda.

Ni habari ya mashine ya upepo ya misheni, ile iliyowasha taa za zahanati, nawe ukiwa fundi wake. Watu walikuja kuitazama kila Jumapili baada ya misa, nawe ukasimama chini ya mnara kifua mbele, utadhani upepo umeuleta wewe. Wakikuuliza kwa nini huyaachi yale mapanga matatu ya mashine yazunguke kasi kadiri upepo unavyovuma, uliwacheka. Mimi ulinipeleka shambani ukanionyesha jani la mgomba lililochanika. "Likikataa kuchanika, Mama Koku, upepo utaulaza mgomba mzima."

Nilikuelewa siku hiyohiyo, ingawa nilijifanya mzito ili uendelee kueleza. Upepo ukizidi, vile vyuma vizito karibu na kitovu vinavutwa nje na mwendo, navyo vinageuza kila panga kwenye shingo yake mpaka liupe upepo ubavu. Upepo unapita zake, nguzo nne za mkaratusi zilizobeba mnara zinapumzika. Ukitulia, springi zinayarudisha mapanga mahali pake. Kazi yako kubwa ilikuwa grisi, ili shingo zile zisikaze. Na chini ya mnara palikuwa na chumba cha wazazi, ambamo Koku wetu alizaliwa.

Sasa nisikilize. Ule mwezi wa senene grisi iliisha, ukanituma Nyaishozi nikaombe kopo kwa dereva wa lori la Bukoba. Ulikuwa na mafua, huwezi hata kunusa moshi. Nilitoka mapema, lakini senene, wale panzi wetu watamu, walikuwa wametanda kwenye nyasi za kilimani, na mume wangu anapenda senene kuliko ibada. Nikasema nijaze kikapu kimoja tu. Nilipofika barabarani, lori lilikuwa limeondoka.

Niliona haya, Baba Koku. Ulikuwa umeniambia mara mbili, "Usichelewe." Basi nyumbani nikachukua samli iliyoanza kuchacha, nikaitia masizi ya chungu, nikakoroga mpaka ikawa nyeusi tii, nikajaza kopo. Ulilipokea ukanishukuru. Kisha ukakaa ukala senene wangu wote, ukilamba vidole.

Wiki tatu baadaye upepo ulikuja mchana, kabla ya mvua. Samli uliyopaka ilikuwa imeganda na vumbi, shingo zimekaza, mapanga yameukabili upepo kwa upana wake wote yasigeuke hata kidogo. Nilikuwa natoka kupalilia nikasikia mnara unalia. Nguzo moja ilikwishapasuka. Masista walikuwa wanawatoa wazazi na vichanga vyao wakiwapeleka kanisani, mmoja alikuwa hajamaliza hata siku moja tangu ajifungue. Wanaume wanne waliing'ang'ania minyororo ya breki, nawe ukapanda na nyundo ya mti kiunoni. Nilipiga magoti kwenye matope. Nilimwambia Mungu kwamba ukianguka, mimi ndiye niliyekuua.

Ulikwangua, ukagonga, ukaligeuza panga moja baada ya jingine. Mnara ukanyamaza. Ulishuka, na Bruda, yule mtawa msimamizi wako, akauliza shingo zimepakwa nini. Ulinusa vidole vyako. Mafua yalikuwa yamekwisha. Ukanitazama mara moja tu, ukamgeukia Bruda ukasema, "Samli. Grisi iliisha, nikaona itafaa. Kosa langu."

Ulinyang'anywa funguo za mnara, ukachimba mashimo ya kahawa mpaka mvua kubwa zilipokwisha, ndipo ukarudishiwa. Watu wakakubatiza Fundi Samli, na jina likakuganda. Nyumbani nilingoja unigombeze, ungenipiga hata kofi ningelipokea. Ukaomba maji ya kuoga, basi. Ila tangu siku hiyo grisi ulikwenda kuichukua mwenyewe, eti unanyoosha miguu. Nilijua umejua. Nawe ulijua ninajua. Tukanyamaza wote wawili, wajinga sisi.

Jana, kwenye matanga, mdogo wako akaanza kisa cha Fundi Samli. Alikisimulia kwa upendo, watu wakacheka na kufuta machozi. Mimi nikasimama. Wifi akanivuta kanga nikae, sikukaa. Nikawaambia yote: kikapu cha senene, lori, masizi, kopo. Nikasema mume wangu hakuwa fundi wa kupaka samli, alikuwa na mke mwongo.

Kisha Bruda, amezeeka sasa, akavua kofia. Akasema siku ile aliyaona masizi, akajua ule ni mkono wa jikoni. Alikuita ofisini akakuuliza nani aliyetengeneza dawa ile. Ukasema ni wewe. Akakuuliza tena, akakuahidi kukurudishia funguo ukimtaja mtu. Ukamjibu, "Bruda, ukiniuliza mara ya tatu, naacha kazi."

Hilo sikulijua. Nilifikiri ulininyamazia tu, kumbe uliniwekea rehani mashine yako. Nilikaa chini nikalia kwa sauti mbele ya wakwe na watoto, na bado sijamaliza. Nilikupenda, mume wangu, nakupenda hata leo. Lakini kwa nini hukunigombeza hata siku moja? Ningekuomba radhi ukiwa unasikia.

Nisamehe. Lala pema.

Mkeo,
Mama Koku