Minyaa ya Baba na Mawaridi ya Deo

Kindu, Jumamosi, mwezi wa tisa

Mvua zimeanza wiki iliyopita. Leo jua limerudi na ukali wake, bati linapasuka-pasuka juu ya kichwa changu, na mimi nimeamka na dharau. Sina neno la adabu zaidi. Nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai, na sasa naiandika labda itanipungua.

Ninayemdharau ni kaka yangu Deo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Deo ni kifungua mimba, anakaa Kinshasa, na hapa Mikelenge mtaa mzima unamwita mama yetu Mama Deo. Mimi ndiye ninayekaa naye, ninayempikia na kumkanda magoti jioni, lakini sijasikia hata siku moja mtu akisema Mama Béa. Nimezoea.

Deo alikuja kiangazi hiki na wazo. Nyumba ya mbele tuipangishe kwa watu wa mashirika, wanaolipa dola. Mama na mimi tubaki ile ya nyuma, karibu na jiko. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha akasimama uani, mikono kiunoni, akaitazama minyaa.

Mnyaa, kwa asiyeujua, ni ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani ya maana. Ukiukata unatoa maziwa meupe yanayochoma macho. Unachomeka kijiti ardhini na kukisahau. Hauombi maji, hauombi mbolea, mbuzi hawaugusi, na jua likizidi ndiyo kwanza unanenepa. Baba alichomeka mstari mzima alipokuja kutoka Kasai na kazi ya reli, kuanzia barabarani mpaka nyuma ya jiko. Tangu hapo hakuna aliyeuhudumia.

"Leki, hii ni pori," Deo akaniambia, kwa Kilingala chake cha kuniita mdogo wake. "Muzungu gani atapanga nyumba iko na pori namna hii?"

Alikuwa ameangalia video kwenye simu, kuhusu bustani za nchi za joto na mimea isiyomsumbua mwenye nyumba. Akanieleza somo hilo lote akiwa ameegemea mmea ambao haujamsumbua mtu tangu nizaliwe. Nilimsikiliza. Nilidhani mwisho wa somo atageuka auone.

Hakugeuka. Aliagiza mawaridi.

Mawaridi yalikuja kwa ndege, kila moja kwenye kopo lake, yamefungwa vitambaa kama wagonjwa. Mimi sijapanda ndege mpaka leo.

Nilimwambia kwamba minyaa si urembo, ni mpaka. Hapa kwetu hata mlevi anayerudi kutoka baa anajua kwamba minyaa ya mtu haisogezwi. Deo alicheka. Akasema mpaka ni karatasi, na karatasi zikikosekana mtu anajenga ukuta. Ukuta angeujenga mwezi unaofuata. Nikamgeukia mama, nikitegemea atasema neno moja tu, kwa kuwa lake lingetosha. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Hakuinua macho.

"Muache mutoto afanye," akasema.

Mtoto ana mvi.

Karatasi zetu ziliungua wakati wa vita. Deo hakuwepo, alikuwa ameshakwenda kusoma, na kila mara ninapokumbuka vile tulivyorudi kutoka msituni, upande wa Pangi, naona kwamba hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na mimi. Baba alikuwa amefia huko huko msituni. Tuliikuta nyumba haina bati, haina milango, haina dirisha. Mlango wa chumbani ulipikiwa chakula pamoja na kabati na kila kilichokuwa ndani yake. Nyasi zilikuwa zimemeza mtaa, na majirani walisimama katikati yake wakiulizana kwangu wapi, kwako wapi.

Minyaa ilikuwa imesimama. Wale waliochoma milango yetu hawakuichoma, kwa sababu moshi wake unatoa machozi. Mama aliufuata mstari polepole, akaugusa mti mmoja baada ya mwingine, mpaka ulipokata kona. Akatua mzigo wake. Akasema jiko lilikuwa hapa. Siku hiyo hiyo alipanga mafiga matatu pale pale, na jioni tukala matembele yaliyokuwa yamejiotea yenyewe chini ya ule mstari.

Huo ndio mti ambao Deo aliona haya nao.

Vibarua aliowaleta waliogopa maziwa yale, na mmoja aliyajaribu kwa jicho lake. Hivyo hawakung'oa. Walikata usawa wa ardhi, wakafukia visiki kwa udongo, wakafagia juu, wakaenda kulipwa. Deo alipiga picha, akapanda mawaridi mbele ya nyumba, akapanda ndege. Ukuta haujaja.

Kilichokuja ni ujumbe wa simu. Umeyamwagilia? Asubuhi na jioni? Usiyamwagie juani. Usiyamwagie majani. Bomba letu ni kavu, maji nayabeba kichwani kutoka kisimani, bido, dumu zima, la asubuhi na bido la jioni, kwa ajili ya mimea isiyosumbua. Nilibeba wiki mbili. Kisha nikaacha, nikawa nalala vizuri.

Jirani yetu naye aliamka. Ni mtu wa biashara ya dhahabu kwenye machimbo ya mji wa Kama, alinunua kiwanja cha pembeni mwaka jana, na salamu yake ni kunyanyua kidevu. Aliona ardhi tupu iliyofagiwa. Akavuta kamba upande wetu, akamwaga matofali, na msingi wake ulipofika nyuma ukaelekea katikati ya jiko la mama. Fundi wake alikuja kutuambia, kwa upole kabisa, tuhamishe sufuria.

Sitasahau uso wa mama. Alitoka nje, akatafuta mstari wa mume wake kwa macho, akaukosa.

Tulimwita chefu wa mtaa. Akasema bila karatasi na bila alama, ni maneno yenu na maneno yake, na yeye hawezi kukata shauri kwa maneno. Atarudi Jumamosi. Asipoona kitu, jiko litabomolewa. Nilimpigia Deo. Akasema yuko kwenye mkutano.

Jumamosi ndiyo leo.

Chefu amefika asubuhi, jirani yuko hapo na kidevu chake. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuhitaji hata sentensi ya kwanza. Mvua za wiki hii zimeosha ule udongo wa vibarua, na visiki vimetoka, kila kimoja na vidole vyake vya kijani, kutoka barabarani mpaka nyuma ya jiko. Kimoja kimechungulia katikati ya matofali ya jirani. Vyote viko upande wake wa kamba; kamba ndiyo iliyovuka mpaka.

"Mama Deo, hii mupaka nani alipandaka?" chefu akauliza.

"Bwana yangu njo alipandaka," mama akajibu. Akaongeza kwamba hakuwahi kuumwagia maji.

Chefu aliufuata mstari kama mama alivyoufuata zamani. Akakata kamba ya jirani kwa kisu chake mwenyewe. Jiko linabaki. Nililia mbele za watu, na sijali.

Kisha nikamtumia Deo habari. Akapiga mara moja, mkutano umeisha. Akasema unaona, mimea ya namna hiyo njo mizuri kwa jua letu, aliiona kwenye video. Akaomba picha ya mawaridi.

Nilikwenda mbele na simu kwa furaha yote. Nilitaka kumpigia picha makaburi. Na kweli yamekauka, yote, isipokuwa moja la pembeni karibu na ngazi. Lina majani mabichi na ua moja jekundu. Udongo wake umelowa, na jana wala leo mvua haikunyesha.

Mama alikuwa ngazini na kikombe cha bati, amejishika goti. Kumbe kila alfajiri, kabla sijaamka, ananawa uso, na maji yanayobaki anashuka nayo ngazi. Nilitaka kugomba. Nilitaka kumuuliza kama amesahau kamba ilipita wapi.

"Hii njo ya Deo," akasema. "Ikikufa nitamwambia nini?"

Nimerudi chumbani, nimekaa kuandika. Minyaa ina nguvu zake, haituhitaji. Deo nitaendelea kumdharau, ana nafasi yake ya kudumu. Lakini ngazi zile zinateleza mvua ikinyesha, na mama hana magoti.

Kwa hiyo kesho nitaamka kabla yake, nilimwagilie mimi ua lile la kipumbavu.

Kikombe kimoja. Kisizidi.