Plagi ya Yohana na Posa ya Nyangeta

Buzuruga, Mwanza

Ndugu yangu Mafuru,

Unisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya kuuliza ni lini wazee waje huku kujibu posa ya Nyangeta niliipata zamani. Mara tatu nimeketi kukujibu, na mara tatu nimechana karatasi, kwa kuwa maneno yaliyotoka hayakufaa kusomwa mbele ya mama. Goti lake linaendeleaje? Mihogo imenusurika na jua? Sisi huku hatuumwi. Nina hasira tu, na ni lazima uijue sababu yake, maana wewe ndiwe baba mdogo wa binti huyu na bila kauli yako haolewi.

Unajua kwamba tangu nipunguzwe kazini natibu ng'ombe wa watu kwa pikipiki ile niliyouziwa na idara ya mifugo. Unajua pia kwamba Yohana, huyo anayemposa Nyangeta, ana duka la vipuri karibu na stendi. Siku hizi maduka yamejaa. Zamani, idarani, hukupewa plagi mpya ya pikipiki mpaka urudishe mbovu, nasi tulizitia alama kwa tupa ili mwenzako asirudishe yako. Mimi nilikata mistari mitatu. Mazoea hayo sijayaacha.

Jumamosi moja pikipiki iligoma kuwaka, na mjumbe kutoka Kisesa alikuwa amekwisha kufika: ng'ombe wa mzee mmoja alikuwa ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Nikamtuma Nyangeta dukani. Alirudi na plagi ndani ya boksi jipya.

"Yohana amesema ni zawadi yako, baba."

Nilifurahi, sikufichi. Niliifunga mwenyewe uani kama tulivyofundishwa: nilipuliza vumbi lisidondokee ndani ya injini, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikakaa, ndipo nikakaza kwa spana. Kwa haraka sikuitia alama. Pikipiki ikawaka kwa teke la pili.

Ilizimika kabla sijafika nusu ya njia. Nilipiga teke mpaka mguu ukafa ganzi. Nilipoifungua ile plagi, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka kwa joto, na chini ya rangi niliiona mistari yangu mitatu. Mafuru, ilikuwa plagi yangu mwenyewe, ile niliyoiacha juu ya meza ya Yohana kabla ya mavuno, naye akaniambia, "Niachie, baba, nitaitupa."

Nilisukuma pikipiki mpaka Kisesa. Ng'ombe alikuwa amekufa, na ndama wake tumboni. Yule mzee hakunilaumu. Alinipa maji ya kunawa, nami sikuwa nimeshika kitu.

Nikaenda dukani. Yohana akasema, "Shikamoo, baba." Sikuitikia. Niliiweka plagi mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Plagi, baba."

"Ya nani?"

Aliigeuza, akaiona mistari. Kisha akasema, "Hizi ni za kuwauzia wapita njia, baba. Yako imechanganyika kwa bahati mbaya."

"Wapita njia hawana safari?"

Muuzaji wa duka la jirani akaingilia, tena kwa kicheko: "Mzee wangu, hili ni soko huria. Kuna mpya, na kuna mpya kabisa. Siku nyingine useme unataka ipi."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama Nyangeta habari ya plagi, na kwamba barua ya posa inarudi kwa wenyewe kesho. Nyangeta alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba, anayezisugua ni mimi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Yeye ndiye anayezipiga msasa, anayezifuta kwa mafuta ya taa, anayezipaka rangi na kuzipanga katika maboksi. Ile mistari aliiona akadhani ni mikwaruzo.

"Nani amekufundisha kazi hiyo?"

"Wewe, baba. Miaka ile ya shida, wewe ulisugua, mimi nilishika kopo la mafuta."

Ni kweli. Lakini mimi nilisugua ili nitumie mwenyewe, na sikumtilia mtu yeyote katika boksi. Nilimwambia hivyo, na ninakuambia wewe hivyo, na bado nakosa usingizi. Kisha akaniuliza, "Ukimrudishia Yohana barua yake, mimi utanirudisha kwa nani?"

Kwa hiyo nimewaagiza wote wawili waende Kisesa kwa yule mzee, wamweleze kwa vinywa vyao walichokifanya. Nyangeta amekubali. Ameshauliza hata njia. Yohana amekuja hapa mara mbili, anasimama nje ya uzio, mama Nyangeta anampa maji ya kunywa, naye anauliza kama ni lazima ataje kwamba duka ni lake.

Wazee wasianze safari. Baba mkubwa akikasirika, mwambie lawama ni yangu. Mpe mama shikamoo yangu, umsalimie mkeo, na shemeji yetu wa ng'ambo ya ghuba mwenye nyavu. Sababu usimsomee mama. Mwambie tu kwamba nina kazi nyingi.

Nikiisha kuamua kama Yohana ni mkwe wangu au si mkwe wangu, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi kaka yako,
Masatu