Ngazi za Nyumba ya Mutuini

Muthangari, Nairobi

Mama Mwende, mke wangu,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Julai, inayouma hadi kwenye meno. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniachia. Mama ameamkaje? Bado anakataa uji usio na ndimu? Barua hii nimempa Mwende akuletee mkononi, kwa sababu kwenye simu tunaulizana ng'ombe na mvua tu, halafu mtandao unakatika.

Ni habari ya nyumba. Unamkumbuka Shiro, binti wa tajiri ninayempikia hapa, yule niliyemkorogea uji tangu akiwa chekechea? Sasa ni msanifu wa majengo, na alijitolea kutuchorea nyumba kwenye kile kiwanja chetu cha Mutuini, huku huku Nairobi. Anataka ijipashe joto kwa jua, bila makaa wala hita, na mchana isiwashe hata taa moja. Nilidhani atachukua futi apime. Wapi! Alikaa nami jikoni siku nzima akiniuliza maswali.

"Anko, mimi sichori kuta tu, nachora vile mnaishi. Nani huamka wa kwanza? Mama Mwende husikia baridi? Asubuhi anapenda kukaa wapi?"

Nilijibu yote bila kusita, kifua mbele. Nikasema wewe huamka kabla ya jogoo, hujui kukaa kitako, na kile kilima cha kisimani unakipanda na debe kichwani huku ukiimba. Basi Shiro akaweka chumba chetu juu, maana joto hupanda. Kuta za chini tukajenga kwa matofali mazito ya udongo, yanayotunza jua la mchana mpaka alfajiri. Fundi akamwaga zege la ngazi kumi na nne.

Jumapili Mwende alikuja kutoka chuoni kuitazama. Akasimama mbele ya zile ngazi.

"Baba, hizi ngazi ni za nani?"

"Za mamako. Chumba chake kiko juu."

"Lakini Mum hapandi ngazi. Hata kanisani siku hizi anakaa nje, karibu na dirisha. Goti lilikataa."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Alisema tusikuambie, eti utaacha kazi."

Mke wangu, nililia mbele ya mafundi. Krismasi nilipokuja nilikukuta umeketi, watoto wakikuletea hiki na kile, nikakutania kwamba umekuwa bosi, kazi yako kutumana. Ulicheka. Nami nikacheka, nikala kuku wako, nikarudi Nairobi. Kumbe nilimweleza Shiro habari za msichana niliyemuoa, si zako. Katika nyumba hii ya watu najua nani hali kitunguu na nani chai humkosesha usingizi. Yako nilikuwa nakisia. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini hili nilipaswa kulijua.

Jumatatu nilimwambia Shiro. Hakunilaumu. Alichukua karatasi mpya, akashusha chumba chini, upande wa jua la asubuhi, akasema ngazi tutazibomoa. Kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe alisema anataka kuhamia huku?"

Nilijifanya nageuza chapati. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikikuambia "ukija Nairobi," na sijawahi kukuuliza kama unataka kuja. Una shamba lako, una chama chako cha akina mama, una mama yangu ambaye wewe ndiye umemtunza. Nimewaambia mafundi wasimame. Niandikie kwa mkono wako, Mwende atanirudishia. Usinifiche kitu ili nisihuzunike, huzuni nimeshaipata.

Msalimie mama, na shemeji anayetulimia. Mwende ananiambia kuna jirani anayekuchotea maji tangu goti liharibike. Mpe mkono wangu wa shukrani. Ningemtaja, lakini jina lake silijui.

Mumeo,
Muli