Keki ya Nanasi na Lile Birika

Changamwe, Jumatano

Mama,

Tangu Jumapili nataka kukuandikia, ila nafasi nimeipata leo.

Shangazi Debora alikuja kumchukua Mbeyu. Alituma habari mapema kutoka Rabai: mtoto wa miaka minne hawezi kulelewa na dada wa miaka kumi na saba, na baba yao anashinda bandarini. Baba akamjibu aje kwanza aione nyumba. Kisha akanigeukia akasema, "Kadzo, pika ile keki ya mamako." Basi. Unamjua Baba, maneno kwake ni kama sukari siku hizi za vita, huyatoa kwa kijiko.

Nikapika, Mama. Unga niliupangia foleni siku mbili. Nanasi nikalichagua kwa kulinusa kitako, nikalikatakata, nikalikamua kwa kitambaa lisije likaloweka unga. Siagi hakuna, nikatia samli. Likabaki lile jambo letu.

Kina mama wa kanisa walikuwa wakiisifu keki yako, na mimi tu nilijua kwamba huiumua kwa tembo la mnazi. "Hamira ya dukani ni ya wavivu," ulikuwa ukiniambia. Na Shangazi ndiye hataki tembo hata litajwe mbele ya watoto. Alfajiri nikaenda kwa mgema, nikalileta nimelificha ndani ya birika la chai, kama ulivyokuwa ukifanya. Unga ukaumuka vizuri. Nikainjika, nikapalia makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Kwa wasiwasi nikasahau kulimwaga tembo lililobaki birikani.

Shangazi akafika mapema, keki ingali motoni. Akakalia kigoda chako. Akamkagua Mbeyu masikio na kucha, akachungulia mtungi wa maji, kisha akanyoosha mkono kwenye mfuniko.

"Shangazi, usifunue." Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Keki ikipigwa na baridi hulala, na ikilala, mtoto ameenda.

Akaurudisha mkono, akauweka juu ya birika. "Basi nitilie chai."

Nikajifanya napalia makaa. Akalifunua mwenyewe, akanusa, akalifunika taratibu. Nilimvuta Mbeyu mapajani nikamshika kwa nguvu mpaka akalalamika.

Nilipoiepua, keki ilikuwa imeinuka, ila chini imeungua kidogo. Shangazi akala kipande kimoja. Akaomba cha pili. Alipokimaliza, akafuta vidole kwa leso.

"Mamako naye alikuwa akilificha humo humo," akasema. "Miaka yote hiyo. Alidhani sina pua."

Kisha akalia. Mazikoni kwako hakutoa hata chozi, nami nilimchukia kwa hilo. Jumapili alilia mpaka Mbeyu akaenda kumpa kipande chake.

Alikuwa amekuja na kikapu kitupu cha nguo za mtoto. Kiliondoka na nusu ya keki.

Pumzika sasa, Mama. Nimekukasirikia sana kwa kuniachia haya yote, na bado nakulilia kila ninapowasha jiko. Mbeyu nitamlea mimi. Nitamfundisha kulinusa nanasi, na akikua kidogo, nitamwonyesha birika.

Mwanao,
Kadzo