Tete Ulilonipa Kupimia Habu

Kaka Danieli,

Kila barua huanza kwa kuuliza hali ya yule anayeandikiwa, na hapo ndipo nilipokwama tangu niliposhika kalamu. Wewe siwezi kukuuliza hali. Basi nitakuambia ya kwetu.

Msiba wako umeisha. Ndivyo walivyosema watu Jumamosi pale nyumbani Muyinga, siku ya kuganduka, ya kuondoa msiba. Walikunywa pombe ya ndizi, wakatushika mikono, mchungaji akaomba, wakaondoka. Mama amevaa tena kitenge chake cha rangi ya chungwa. Mimi nimerudi shuleni Gitega, na haya nayaandika nikiwa kwenye benchi moja huku mtaa wa Mushasha, mahali ambapo wanafunzi wenzangu hawapiti sana. Unajua siwezi kuandika mtu akiniangalia.

Nataka habari ya kigari ulichokuwa ukimtengenezea mdogo wetu Furaha uisikie kutoka kwangu. Hakikutembea.

Najua kwa nini ulikianza, ingawa hukuwahi kulisema wazi. Kule kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, shule ilikuwa nyuma tu ya nyumba yetu, na Furaha aliweza kufika kwa kutambaa na kushika ukuta. Tuliporudi, watu wote walifurahia kilima cha babu, ardhi yetu, migomba yetu. Lakini shule iko ng'ambo ya bonde, na miguu ya mdogo wetu haijawahi kupata nguvu. Ukambeba mgongoni, mvua na jua, ukiimba mnapopanda ng'ambo. Walimu wakakuita Basi la Furaha. Wewe ukacheka, ukasema basi hili halili mafuta, linakula ugali tu.

Kisha ukaanza kukata vyuma. Magurudumu ya mbele uliyatoa kwenye toroli mbovu. Injini ilikuwa ya ile mashine ya kuvuta maji ya Baba Mdogo Mathayo, iliyoachwa baada ya pampu yake kupasuka. Ulikaa nayo likizo nzima mpaka ikaunguruma, kuku wakakimbilia kwa jirani. Yakabaki magurudumu ya nyuma. Ulinieleza kama vile mimi ndiye niliyekuja kujifunza ufundi: ya mbele yanajizungukia tu juu ya beringi, hayana kazi kubwa. Ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kwa hiyo habu zake, ile sehemu ya katikati inayopokea ekseli, lazima ziishike ekseli barabara, na kati ya viwili hivyo ipitishwe klaveti, kile kipande kidogo cha chuma cha kuzuia kimoja kisiteleze juu ya kingine. Muyinga ulizikosa habu za kutufaa. Nyingine zilikuwa na tundu kubwa, nyingine zilitaka boliti nne na rimu zetu zina tatu.

Siku niliyokuwa narudi Gitega ulishuka bondeni ukakata tete bichi, ukalichonga kwa kisu, ukalilinganisha na ekseli kwa vidole, ukachonga tena. Ukaniambia, "Conso, habu itakayolipokea hili bila kucheza na bila kulazimishwa, hiyo ndiyo yetu." Nikaliweka kwenye sanduku langu katikati ya vitabu.

Muhula haukufika katikati. Shangazi wa hapa Gitega alipigiwa simu kwamba una homa, halafu akapigiwa tena. Nilifika kwenye mazishi nikiwa na sare ya shule.

Baada ya hapo Mama alifunga zana zako zote kwenye mkeka pamoja na ekseli, akazisukuma chini ya kitanda. Alisema hazitaguswa mpaka msiba uondolewe. Hakuna aliyebishana naye. Baba Mdogo Mathayo alisema jambo moja tu: siku ya kuganduka atakuja kuchukua injini yake, anataka kuiweka kwenye mashine ya kusaga mihogo. Mimi, ambaye kwenye mikutano ya ukoo sijawahi kufungua mdomo, nikauliza, na kigari je? Baba Mdogo akanijibu, "Kikitembea siku hiyo, nitaiacha. Siwezi kumnyang'anya mtoto miguu."

Unaona alivyosema. Hakuwa mtu mbaya katika jambo hili, Kaka. Natamani angekuwa mbaya.

Kwa hiyo nilikwenda kutafuta vipuri kwa mafundi wa pikipiki hapa Gitega, kule upande wa msikiti. Nilipita mara kadhaa bila kusimama, nikijifanya nina safari. Mwishowe kijana mmoja mwenye mafuta mpaka kwenye masikio akaniita, "We mtoto wa shule, unatafutaka piesi ao unatafutaka bwana?" Wakacheka wote. Nilitaka kuondoka. Nikatoa tete.

Mwenye kibanda, Fundi Hamadi, akawanyamazisha. Akauliza habu iko ya mbele ao ya nyuma. Nikasema ya nyuma. Akasema, "Ile ya nyuma lazima ishike. Kama inacheza, chuma inazunguka yenyewe na gurudumu inakuangalia tu." Akamwaga gunia zima la habu kuukuu chini, tukatafuta. Nilihesabu matundu ya boliti kama ulivyonifundisha. Nilitazama ndani kama kuna mfereji wa klaveti. Nilijiona, samahani kusema hivi, nilijiona kama nimesimama pamoja na wewe. Tukapata mbili zinazofanana, tete likaingia taratibu, halikucheza.

Kisha akaniuliza ekseli yenyewe iko wapi. Nikamwambia iko Muyinga, ni ya kaka yangu, amefariki, na msiba bado haujaondolewa. Akavua kofia. "Pole sana, mwanangu. Basi tutaamini hii." Na hakuuliza tena. Nafikiri aliona haya kuuliza.

Jumamosi, mchungaji alipomaliza kuomba, Mama alivuta mkeka mwenyewe na kuufungua mbele ya watu. Ekseli haikuwa hata na kutu, uliipaka grisi vizuri. Furaha alikuwa ameshapandishwa kwenye kiti cha kigari akiwa na gauni lake la kanisani, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilipiga magoti nikaweka habu kwenye ncha ya ekseli.

Haikuingia.

Nilifikiri ni grisi, nikafuta. Nikafikiri naiingiza upande, nikaigeuza. Baba Mdogo akachuchumaa karibu yangu akajaribu mwenyewe. Halafu akaniomba tete, akalilaza juu ya ekseli, na hapo wote tulioinama tukaona. Tete lilikuwa jembamba. Si sana. Unene wa ukucha labda. Lilikuwa limekauka, Kaka. Ulilikata likiwa bichi likiwa sawa kabisa na ekseli, na katika muda wote huo ambao Mama hakuruhusu chuma chako kiguswe, lenyewe lilikuwa likisinyaa kwenye sanduku langu, katikati ya kitabu cha biolojia na kamusi. Mimi ninayejua kueleza kwa maandishi jinsi mmea unavyopoteza maji. Sikulifikiria hata mara moja. Kwangu halikuwa mmea, lilikuwa neno lako.

Tulijaribu. Sitaki udhani hatukujaribu. Baba Mdogo aliipasha habu moto kwenye mkaa ili tundu lipanuke, akaweka kipande cha gogo juu yake, akapiga nyundo polepole. Jasho lilimtoka kama mtu anayechimba kisima. Iliingia kidogo, na wanaume wakasema, "Ehe, inakwenda." Alipopiga tena ikalia sauti ndogo, kama kikombe kinapogonga meza. Ilikuwa imepasuka kutoka tundu la boliti mpaka ukingoni.

Hakuna aliyejua nani amwambie Furaha ashuke. Alikaa pale ameshika usukani, anatutazama mmoja mmoja, na sisi watu wazima wote tukawa tunatazama chini. Mwisho alisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nishusheni, nina kiu."

Baba Mdogo alifungua boliti za injini akiwa ametupa mgongo. Aliifunga kwenye baiskeli kwa mipira, akarudi kumuaga Mama. Mama akamwambia, "Chukua, ni yako. Na wewe una watoto." Akatembea akiisukuma baiskeli mpaka tukaacha kumwona.

Jumatatu asubuhi, kabla sijapanda gari la kurudi huku, nilijaribu kumpeleka Furaha shuleni mgongoni. Amekuwa mzito, au mimi sina mgongo wako. Nilishuka bonde, nikaanza kupanda, na tulipofika kwenye mikaratusi ilibidi nimshushe. Nililia, naye akanifuta kwa pindo la sketi yangu mwenyewe. Akasema, bila ubaya wowote, "Hapa Kaka alikuwa hata hajaanza kuimba." Tulikaa pale mpaka tukasikia kengele ya shule ikilia juu yetu. Nikamrudisha nyumbani.

Jana nilikwenda kumwonyesha Fundi Hamadi habu iliyobaki nzima. Alisikiliza habari yote, akaizungusha mkononi kwa muda, akasema tundu lake linaweza kuchongwa lipanuke kama nitaleta ekseli. Halafu akauliza, "Na moteri?" Nikamwambia injini imekwenda. Akanirudishia habu. Yule kijana wa masikio yenye mafuta alikuwepo, na safari hii hakunitania.

Sijui nifanye nini, Kaka. Nimesoma vitabu vingi na hakuna hata kimoja kinachoniambia. Furaha yuko nyumbani leo. Wenzake wako darasani. Mama anasema Mungu ataona, na mimi sithubutu kumuuliza ataona lini.

Sitakuahidi kigari. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na wewe hukuwahi kunidanganya. Nakuahidi kidogo tu, kwa sababu ndicho nilicho nacho: likizo ikifika nitambeba tena, na kesho yake tena, mpaka tupite ile mikaratusi na kufika mahali ulipokuwa ukianza kuimba. Sauti sina, unanijua. Ataimba yeye.

Pumzika, Kaka. Sisi tuko njiani.

Mdogo wako,
Consolata